Keki ya Kukodi

Duka la mapambo ya harusi lilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, kitu cha kwanza kuvuka kilikuwa harufu. Ilikuwa harufu ya vanila, lakini si vanila ya jikoni. Ilikuwa ile inayopuliziwa ndani ya gari ili abiria asijue kuna mtu alitapika humo asubuhi. Siagi aliinusa akiwa kibarazani kwake, bakuli la mayai mkononi, akageuza uso kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Wanaoka nini kule?" akamuuliza mumewe.

Mumewe alikuwa fundi makochi. Kutwa alikaa hapo kibarazani na misumari midogo mdomoni, akivisha viti vya watu nguo mpya.

"Hawaoki," alisema, misumari ikiwa upande mmoja wa midomo. "Wameshusha povu gumu, lile jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Nimeliona kwa macho yangu. Mimi naweka povu kwenye makochi, wenzangu wanaweka kwenye keki. Tofauti yetu, langu linakaliwa, lao linapigiwa makofi."

Siagi hakucheka. Alirudi ndani, akafunga dirisha la jikoni, na tangu siku hiyo akaoka kwa joto la kuchoma masikio ili harufu ile isiingie kwenye unga wake.

Siagi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Hilo lilibaki kwenye vyeti. Hili la mtaani alilipata siku alipomrudishia muuza duka boksi zima la majarini mbele ya wateja, akamwambia, "Hii kampakie mgonjwa asiyesikia ladha. Mimi natengeneza keki." Muuza duka akacheka, "Haya, Bi Siagi, usitupige," na jina likashika kama masizi kwenye sufuria.

Alianza kuoka enzi za mkaa, moto chini na moto juu ya kifuniko, mpaka mumewe alipompatia oveni ya chuma iliyotupwa na hoteli. Mlango wake ulikuwa haushiki. Fundi akatengeneza kigoda kizito, akakivisha kitambaa cha maua, kazi yake ikawa kuegemea mlango ule. Mgeni akitaka kukikalia, Siagi alimwinua.

"Hicho kina kazi," alisema. "Wewe njoo ukae huku na wasio na kazi."

Keki ikitoka motoni hakuichoma kijiti kama wengine. Aliinamisha sikio juu yake, kama mtu anayesikiliza iwapo mtoto kalala. Keki isiyoiva hunong'ona. Maji ndani yake bado yanachemka, nayo yanasema subiri, subiri. Iliyoiva hunyamaza. Akisikia kimya hicho, Siagi alinyooka, akajishika kiuno, akasema, "Haya, umekuwa."

Ikipoa, alichukua kisu kirefu akakata ule mgongo uliovimba juu, ili keki ikae sawa chini ya aisingi. Kile kipande cha juu, cha kahawia, chenye ukingo mkavu na tumbo laini, nyumbani kwake kiliitwa kofia. Kofia haikuuzwa na haikupelekwa harusini. Ilikuwa ya watoto wa nyumba, na ililiwa kwa kusimama, bila sahani.

Mwanawe wa mwisho, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alikua kwa kofia za harusi za watu. Alipokuwa mdogo, mashavu yamejaa makombo, aliwahi kuuliza, "Mama, na siku ya harusi yangu, kofia nitakula mimi?"

"Siku hiyo utakula keki yenyewe," Siagi alimjibu. "Kofia tutawaachia wenye njaa."

Mtoto alisahau. Mama hakusahau. Kila alipooka harusi ya mtu, sehemu ndogo ya mkono wake ilikuwa inajifunza ile moja.

*

Kitinda alikua, akapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, akachumbiwa na fundi wa lifti, kijana mpole aliyezoea kuangalia juu hata akiwa sebuleni. Na jioni moja akaja na neno.

"Mama, kesho twende pale ng'ambo. Uangalie tu. Kuangalia si dhambi."

Ng'ambo palikuwa na taa nyeupe mpaka pembeni mwa macho. Mwenye duka, Mpambaji, alikuwa na viatu vyeupe na ndevu zilizochorwa kama kwa rula. Aliwapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, karibuni! Mama mzaa chema! Mwaka huu, mama yangu, keki hazikai mezani. Zimetoka huko. Zinaning'inia." Akaonyesha juu. Keki ya ghorofa nne ilikuwa imefungwa darini kwa minyororo, kichwa chini, miguu juu.

"Kama popo," Siagi akasema.

"Kama taa, mama."

"Popo naye huning'inia hivyo hivyo, na hajawahi kuangaza."

"Mama," Kitinda akanong'ona, "tafadhali."

Mpambaji hakuyumba. Aliwaonyesha keki iliyovaa shela, keki yenye taa tumboni, keki iliyopakwa rangi ya dhahabu kama kitasa cha mlango, na keki iliyochapwa uso wa bwana na bibi harusi wakitabasamu, wakubwa kuliko walivyokuwa hai. Alipofika mbele ya kila moja alitoa kichupa mfukoni akaipulizia. Fyuu. Vanila.

"Na hii yenye nyuso," Siagi akauliza, "wanaikata wapi? Puani?"

"Uso haukatwi, mama. Mkosi huo. Wanakata dirishani." Akaigeuza keki. Nyuma, kwenye ghorofa ya chini, palikuwa na tundu la ukubwa wa tofali, limezibwa kwa kitambaa. "Hapa tunapachika kipande cha keki ya kweli. Kisu kinaingia, picha inatoka. Basi."

"Na wageni?"

"Wageni wanapewa kiboksi. Biskuti mbili na utepe. Mgeni wa siku hizi hali keki, mama. Anaipiga picha."

Siagi aliweka kidole kwenye ukingo wa keki. Ulikuwa mgumu na baridi kama ukuta wa bafu, na kidole kilipotoka kilikuwa kinanata. Akakipangusa kwenye kanga, kisha akakipangusa tena upande wa pili, kana kwamba kunata kulikuwa kumehamia huko.

Wakaja kwenye vya kuvaa. Kope za bandia zilikuwa zimelala kwenye kijisanduku kama miguu ya mende. Glovu za lesi zilikuwa zimekakamaa vidoleni, njano kidogo mahali ambapo mikono ya mabibi harusi wengine ilitoka jasho la woga. Kitinda alichagua taji refu, lenye vito vya kioo, ambavyo vilipogongana vilitoa mlio wa meno. Alipoliinamisha ili alijaribu, mama yake akaliona tumbo la taji lile. Utepe wa ndani uliokuwa mweupe ulikuwa umekuwa rangi ya chai kwa poda na mafuta ya vichwa, na katikati ya vito kulikuwa na unywele mrefu umejifunga.

Siagi aliuvuta. Ukaja, ukaja, ukawa bado unakuja.

"Huu wa nani?"

"Huo wa bahati, mama," Mpambaji akasema bila kupepesa macho. "Mwenye huo bado yuko kwenye ndoa."

Kitinda akacheka na kulivaa taji. Mbele ya kioo aling'aa kweli, na hilo ndilo lililomuuma mama yake zaidi. Mwanawe alikuwa mzuri ndani ya uchafu ule. Angekuwa ameharibika, ingekuwa rahisi kusema.

*

Waliyasema nyumbani.

"Nimekuwekea zabibu tangu ulipochumbiwa," Siagi alisema. "Zimelowa, zimevimba kama macho ya chura. Unataka niwaambie nini?"

"Mama, keki yako ni tamu. Hakuna anayekataa. Lakini ni fupi." Kitinda alisema hivyo polepole, kama anayempa mteja habari ya jino. "Dada yake mchumba wangu alikuwa na ghorofa tano. Picha zake kila mtu anazo. Mimi wakiniona na keki ya kukaa mezani kama sufuria ya ubwabwa, watasema nini?"

"Watasema wameshiba."

"Ghorofa saba, mama. Nimeshalipia kuikodi."

"Ghorofa saba, na hakuna anayelala ndani."

"Uzuri wa mkakasi," baba yake alianza kutoka kibarazani.

"Baba na wewe usimalizie!" Kitinda akapiga kelele. Fundi akarudisha msumari mdomoni, akamalizia kimoyomoyo.

Kitinda akamshika mama yake mkono, ule wenye kovu la oveni. "Kile kipande cha dirishani, mama. Tengeneza wewe. Nitakata chako. Nitakula chako mbele ya watu wote. Si ndiyo ulikuwa unataka?"

Siagi alimtazama mwanawe. Keki ya maisha yake ilikuwa imegeuka tofali la kuzibia tundu. Lakini mkono uliomshika ulikuwa ule ule wa mtoto wa kofia, na alijua kwamba akikataa, tundu lile litapata kipande cha mtu mwingine, na ahadi aliyoitoa itakuwa imevunjwa na yeye mwenyewe.

"Waniletee hiyo ghorofa ya chini," alisema. "Nipime dirisha."

*

Iliwasili Alhamisi asubuhi juu ya toroli, imefunikwa shuka kama maiti. Vijana wa Mpambaji waliiweka juu ya meza ya jikoni, wakaagiza isisogezwe, wakaondoka.

Siagi alitoa shuka. Vanila ilimpiga usoni, na ilipotulia, nyuma yake kulikuwa na harufu nyingine iliyokuwa inasubiri zamu yake: harufu ya kabati lililofungiwa mkate. Akavuta kitambaa cha dirishani. Ndani kulikuwa na makombo ya harusi zilizopita, ya kijani, yana manyoya. Kulikuwa na ganda la yai la mende limegandia ukutani. Kulikuwa na kope moja ya bandia. Na juu, mahali ambapo visu vilikuwa vinakwaruza, povu lilikuwa na mikwaruzo mieusi kama mgongo wa mtu aliyechapwa.

Alitoka nje akatema mate kwenye mtaro.

"Nini?" mumewe akauliza.

"Humo ndimo wanataka niweke keki ya mwanangu. Kuna mende amezaa."

"Basi zibua tu, safisha, weka."

Ndivyo alivyokusudia. Alichemsha maji, akayapoza yawe ya uvuguvugu, akachukua kitambaa laini na kisu butu, vitu anavyosafishia mabati yake ya kuokea. Akaosha dirisha. Mende akatoka, kijani kikatoka, kope ikatoka imeshikana na kitambaa kama buibui. Lakini maji hayakujua mpaka wa dirisha. Yaliteremka, yakaingia chini ya ngozi ya keki. Na hapo ngozi ikaanza kujikunja.

Siagi alidhani ni aisingi kuukuu. Akaivuta kidogo ili aiweke sawa. Ikatoka kipande cha upana wa sahani, kikavu, kinapindika, na alipokivunja kikatoa vumbi. Akakinusa. Akakiita jina lake kwa sauti, peke yake jikoni.

"Rangi ya ukutani."

Ilikuwa rangi ya ukutani juu ya lipu ya kuzibia nyufa. Chini yake kulikuwa na sukari ya zamani iliyokuwa ya waridi. Chini ya waridi kulikuwa na samawati. Chini ya samawati, njano iliyooza. Harusi juu ya harusi, zimepakana, zimefungiwa pumzi. Sukari hizo zilipopata maji ya uvuguvugu ziliyeyuka zote kwa pamoja zikaanza kutiririka mezani, uji wa rangi ya kidonda, na koti lote la juu likateleza polepole, kama soksi inayovuka mguu.

Hapo angeweza kusimama. Angeweza kutupa kitambaa, kumwita fundi, kubana lile koti kwa mikono. Hakusimama. Kinyaa kilikuwa kimemshika mikono kikawa kinaifanyisha kazi. Alisugua. Alibadilisha maji akasugua tena. Alipomaliza, juu ya meza kulikuwa na duara kubwa la povu jeupe, safi, uchi, limejaa makovu ya visu. Alipolipitisha kidole likalia: kwii. Mlio huo ulimsimamisha nywele. Akainamisha sikio, kwa mazoea tu. Ndani hamkuwa na kunong'ona wala kunyamaza. Hamkuwa na kitu.

Ndivyo Kitinda alivyomkuta, aliporudi kutoka kazini mchana na kucha zake mpya ndefu zisizoweza kufungua mlango wa jikoni bila kusaidiwa.

Alitazama meza. Alitazama ndoo. Midomo yake ilicheza kabla sauti haijaja.

"Umefanya kusudi."

"Mwanangu, nilikuwa nasafisha dirisha."

"Kusudi! Toka mwanzo hukutaka! Umekaa umesubiri mpaka ikaja mkononi mwako!"

"Kulikuwa na mende amezaa."

"Nani angemwona, mama? Nani? Alikuwa upande wa nyuma!"

Siagi alifungua mdomo aseme si kusudi. Neno halikuja. Aliikumbuka mikono yake ilivyosugua, ilivyofurahi, na hakuwa na hakika tena. Kitinda aliuona huo ububu akaufanya jibu. Akaingia chumbani, na kwa sababu ya kucha hakuweza hata kuubamiza mlango vizuri.

Mpambaji alivuka barabara mbio, viatu vyeupe vikipigwa matope. "Mama! Mama! Huyu alikuwa mzee wao! Ameolewa na mji mzima huyu! Umemvua nguo!"

"Umepaka chakula rangi ya ukuta."

"Si chakula! Nani amekwambia ni chakula? Na sasa kesho kutwa ghorofa sita zitasimama juu ya nini? Hewani?"

Kutoka chumbani ilisikika pua ya mtu anayelia akijizuia. Siagi aliisikiliza pua ile kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusikiliza keki.

"Juu ya yangu," akasema. "Nitakuokea ghorofa ya chini. Nzima, upana huo huo. Tutasimamisha vijiti ndani na ubao juu. Hizo takataka zako zitasimama juu yake."

*

Ijumaa kutwa alioka. Zabibu zilizovimba ziliingia, siagi iliingia, kigoda kikaegemea mlango mpaka kitambaa chake cha maua kikanuka sukari. Alioka kwa vipande vinne vikubwa akaviunga vikawa duara moja. Kabla ya kuviunga alivikata kofia, nne, akaziweka kwenye kopo la bati na kulifunga. Kitinda hakutoka chumbani. Kila jioni ya kuoka tangu mtoto yule ajue kutembea, kofia ilikuwa na mdomo unaoisubiri mlangoni. Safari hii ilifungiwa kopo.

Alipopigilia vijiti ndani ya keki yake ili ibebe povu, mumewe alisimama karibu, akashika ubao.

"Inauma?" akauliza.

"Kama kumbebesha mtoto wako mzigo wa jirani asiyekusalimia."

"Lakini itasimama."

"Itasimama."

Na ilisimama. Jumamosi ukumbini ilikuwa juu kuliko bwana harusi, ghorofa saba, nyeupe. Sita zilinuka kichupa, na ile ya chini kabisa ilinuka nyumbani. Wageni waliingia, wakainua simu. Siagi alikaa meza ya wazazi, viatu vinambana, akakodoa macho. Hakutaka sifa. Alitaka jambo moja tu: kuona mdomo wa mwanawe ukifunga juu ya keki ile.

Kitinda aliingia na taji, kope na glovu. Alikuwa mzuri kiasi cha kuumiza. Kisu kiliingia kwenye ghorofa ya chini bila mlio, kikazama kama kwenye ardhi iliyonyeshewa, na Siagi aliona bega la mwanawe likishtuka kidogo. Bibi harusi huyo alijua visu na keki tangu utotoni. Bwana harusi alichukua kipande kwa uma, akakipeleka mdomoni mwa mkewe.

"Hapo! Usifunge mdomo!" mpiga picha akapiga kelele. "Bibi harusi, lipstiki! Kishike midomoni tu. Tabasamu na meno. Tena. Bwana harusi, inua uma. Tena!"

Kipande kilisimama mbele ya meno ya Kitinda, kikatetemeka, kombo moja likaanguka kwenye glovu. Mwanga ukapiga mara nyingi. Kisha uma ukashuka, kipande kikarudishwa kwenye kisahani, na mtu wa Mpambaji akapangusa mdomo ambao haukuwa na kitu.

"Makofiii!" mshereheshaji akaimba.

Makofi yakiwa bado yanalia, vijana wa Mpambaji wakaja na toroli. Walikuwa wamezoeshwa hivyo: picha ya mwisho ikipigwa, keki iondolewe kabla watoto hawajaitia vidole na kubandua rangi. Bosi wao alikuwa ukumbi mwingine akining'iniza popo wake. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia kwamba safari hii chini kuna chakula. Wakaisukuma, wakatoka mlango wa nyuma.

"Nyie! Nyie vijana!" Siagi aliinuka. "Hiyo inaliwa! Hiyo ya chini inaliwa!"

Muziki ulimmeza. Alikimbia na viatu vyake vinavyobana, akapita jikoni, akapita kwenye masinki, akafika nje na kukuta moshi wa gari tu. Aliporudi, wageni walikuwa wanafungua viboksi. Alifungua chake. Biskuti ilikuwa na ladha ya kiboksi. Aliitafuna mpaka mwisho, kwa hasira, kama dawa.

Jumapili duka la ng'ambo lilikuwa limefungwa, vyuma vimeteremshwa.

*

Jumatatu asubuhi Siagi alikuwa kibarazani anachambua mchele pale mumewe aliposema, "Mama watoto, tazama chini."

Mstari mwembamba, mweusi, ulikuwa umetoka kwenye mtaro wao. Ulivuka barabara kwa adabu, ukipinda pale magari yanapokanyaga, ukapanda kizingiti cha duka na kuingia chini ya vyuma. Mstari mwingine ulikuwa unarudi, na kila sisimizi aliyerudi alikuwa amebeba kitu cha kahawia.

Hapo bajaji ikasimama, akashuka Kitinda. Alikuwa amevaa gauni la kawaida na mtandio umefungwa mpaka kwenye nyusi, taji liko mkononi ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuja kulirudisha. Alimsalimia baba yake. Kwa mama yake alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mumeo mzima?"

"Mzima."

Mengine hayakupata nafasi, maana Mpambaji alifika, akafungua kufuli, akapandisha vyuma, na harufu ikatoka. Halikuwa suala la kichupa tena. Ilikuwa siagi iliyochacha kwenye joto la siku mbili, zabibu zilizoanza kuwa pombe, chumba kizima kinapumua kama mdomo wa mlevi. Mpambaji alitoa sauti nyembamba akarudi nyuma, mkono puani.

Kitinda alivuka barabara. Mama yake akamfuata.

Ghorofa sita za povu zilikuwa zimeinama upande mmoja, nyeupe, nzima, hazijaguswa na kiumbe. Ile ya chini ilikuwa haionekani kwa weusi. Ilikuwa inatembea. Sisimizi walikuwa wamepita kwenye keki yenye taa, wamepita kwenye keki ya dhahabu, wamepita juu ya nyuso za bwana na bibi waliokuwa wanatabasamu, hawakusimama popote, wakaenda moja kwa moja pale. Vijiti vilikuwa vimebaki wima ndani ya shimo, kama mbavu.

"Mama, keki yako imeniletea wadudu!" Mpambaji akalia.

Siagi alitazama kazi ya mikono yake ikiliwa na kusogezwa. Alikuwa ameoka kwa ajili ya ukumbi mzima, na hawa ndio wageni waliokula.

Kitinda akauliza, bila kugeuka, "Ile ilikuwa na zabibu zile? Za tangu nilipochumbiwa?"

"Zote."

"Niliisikia puani, mama. Ilikuwa hapa." Akaonyesha mbele ya midomo yake. "Yule mtu akasema nisifunge mdomo. Na mimi nikamtii." Akaweka mfuko wa taji juu ya kaunta, na alipoinama mtandio ukateleza.

Kuzunguka paji lake lote la uso kulikuwa na mstari wa vipele vyekundu, vingine vina maji, pale pale utepe wa taji ulipokaa. Kwenye kope la jicho la kushoto gundi ilikuwa imeganda kama ukoko, na kope zake mwenyewe zilikuwa zimeng'oka nusu.

"Usinitazame hivyo," Kitinda akasema. "Najua."

"Sijasema kitu."

"Uso wako unasema."

"Basi uso wangu haukufunzwa adabu. Twende nyumbani."

Jikoni Siagi alichemsha maji, akayapoza yawe ya uvuguvugu, akatia chumvi kidogo, akachukua kitambaa laini. Akamkalisha mwanawe mahali pekee palipokuwa wazi, kwenye kigoda cha oveni. Akaanza kwenye paji la uso. Poda ya watu wasiojulikana ilitoka ikachafua maji. Gundi ilikataa, akaiwekea kitambaa, akangoja, akaipangusa tena. Aliona kinyaa na hakukificha. Alikunja uso wakati wote. Lakini mkono ulikwenda polepole, na ulipofika mahali pa kuumiza, ulisimama.

"Mama."

"Mm."

"Alhamisi. Ulifanya kusudi?"

Siagi alikamua kitambaa. "Nilianza bila kusudi," akasema. "Nilipofika katikati sijui."

Kitinda aliwaza hilo, macho yamefumbwa, maji yakimtiririka shavuni. Mwishowe akaguna, mguno mdogo uliokuwa karibu na kicheko. "Hata mimi katikati sijui nilikuwa nafanya nini."

Maji yalibadilishwa mara nyingine. Nje fundi alikuwa anagongomea msumari na kumweleza mteja kuhusu msafara wa sisimizi, akiongeza chumvi.

"Kofia zipo?" Kitinda akauliza.

Siagi alijipangusa mikono, akapanda juu ya ndoo, akashusha kopo la bati kutoka rafu ya juu. Alilifungua kwanza mwenyewe akanusa, kwa shaka, maana siku hizo alikuwa hakiamini tena chochote kilichofungiwa. Akainua moja. Ukingo ulikuwa umekauka, tumbo lilikuwa bado laini.

Kitinda alisimama kutoka kwenye kigoda. Mlango wa oveni, usio na wa kuuegemea, ukafunguka taratibu nyuma yake kwa mlio wa chuma. Kucha zake ndefu hazikuweza kushika kofia, ikamponyoka mara mbili. Mara ya tatu mama yake aliimega na kumpelekea mdomoni.

Akafunga mdomo.

Makombo yakamwangukia kifuani, mengine kwenye vipele. Siagi alitazama taya lile likienda, akashika kisahani mkononi na kukirudisha mezani, kwa kuwa hakikuhitajika.

"Hizo kucha," akasema, "kesho tunazing'oa."

Kitinda alitikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa, akaonyesha kopo kwa kidevu.

Akamegewa nyingine.